Boti Nyeupe Yenye Mstari wa Bluu

Msusi alikuwa katikati ya kichwa cha mteja, kitana mdomoni, mumewe alipoingia saluni akihema kama mtu aliyefukuzwa na mbwa.

"Mama Chiriku, tumepata boti!"

Kitana kikamdondoka. "Tumepata nini?"

"Boti! Ya injini. Ya kutembelea ziwani siku za mapumziko. Nyeupe, ina mstari wa bluu ubavuni. Ukiona rangi ile, utaapa imetoka kiwandani jana."

Mteja aligeuza shingo, nusu ya nywele zimesukwa, nusu zimesimama. Jamani! Mtu ameondoka asubuhi kwenda kupaka ukuta, mchana anarudi na habari za boti. Makubwa haya.

Mume huyu alikuwa fundi wa kupaka rangi nyumba, na mtaa mzima ulimwita Brashi. Kwenye rangi hakuwa na mpinzani. Akiona ukuta uliopakwa vizuri, husimama akautazama mpaka watu waanze kumzunguka ili wapite. Mtoto wao mmoja, msichana wa miaka saba, aliitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, nao wakaitwa Mama Chiriku na Baba Chiriku kwa ajili yake. Jumapili wote watatu hutembea ufukweni mwa ziwa na kuangalia boti za watu. Kwa muda mrefu walikuwa wanaweka akiba ili siku moja nao wawe na yao.

Lakini kuna jambo moja. Katika familia ile hakuna hata mmoja aliyejua kuogelea.

"Umeikagua?" Msusi akauliza.

"Nimeikagua sana! Nimeizunguka yote. Hakuna hata mahali brashi ilipopotea njia. Mkono wa fundi ule. Kizuri chajiuza, mke wangu."

"Na injini?"

"Injini nayo imepakwa rangi."

Msusi akamtazama. Brashi hakuona kosa lolote katika jibu hilo. Akaendelea kueleza kwamba muuzaji amempigia simu jana, na leo amempigia tena. Amesema waje Jumamosi na mtoto, wapande, wazunguke ziwani kidogo, walipe, waondoke nayo. Amewawekea na majaketi ya kuokoa maisha kama zawadi.

Jioni Msusi alifunga saluni, akapita kwa shangazi yake Brashi. Mama huyu alikuwa amefanya kazi katika karakana ya boti mpaka alipostaafu.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekushuka hivyo?"

Msusi akamweleza yote. Shangazi akaweka kikombe chini.

"Ameiona ikiwa majini?"

"Hapana. Iko juu ya tela."

"Ameigonga?"

"Kuigonga kwa nini, Shangazi?"

Shangazi akajishika kichwa kwa mikono miwili. "Lo! Mtoto wa kaka yangu huyu! Anataka kununua mbuzi kwenye gunia, halafu anasifia gunia! Jumamosi nakuja. Usimwambie. Akijua, ataanza kunieleza habari za rangi."

Jumamosi walifika ufukweni. Boti ilikuwa juu ya tela karibu na gati, inang'aa. Kweli ilipendeza. Hata Msusi alisema moyoni, labda nimemwonea mume wangu bure. Muuzaji, mtu wa tabasamu pana na maneno mengi, alikuwa ameshamvalisha Chiriku jaketi la rangi ya chungwa. Mtoto anarukaruka huku akiuliza kama samaki hulala na kama boti ina breki.

"Karibuni, karibuni! Tuishushe majini mara moja. Kuna mteja mwingine anakuja mchana, lakini ninyi nimewapenda."

"Subiri kidogo, baba," Shangazi akasema huku akishuka kwenye bodaboda, na kikapu mkononi. "Kabla ya kushuka majini, tuanze na nchi kavu."

Brashi akashtuka. "Shangazi! Umefuata nini huku?"

"Nimefuata kizuri kinachojiuza. Wewe uliitafuta boti hii, au yenyewe ilikupigia simu?"

Shangazi alikuwa ameshafika nyuma ya boti. Hakugusa rangi. Aliweka kiganja juu ya injini, akakiacha hapo.

"Ya moto hii. Umeiwasha leo?" akamuuliza muuzaji.

"Aa, nimeipasha kidogo tu, Mama. Sikutaka kuwachosha wageni."

"Wageni hatuchoki upesi. Injini ya kuuzwa huwashwa ikiwa baridi, mbele ya mnunuzi. Yenye ugonjwa hukataa kuwaka asubuhi. Ikishapashwa, hata mgonjwa huamka." Akamgeukia Msusi. "Umesikia, mwanangu? Ukifika ukaikuta ya moto, rudi siku nyingine, tena bila kuarifu kwa simu."

Akatoa kikapuni nyundo ndogo ya plastiki. Akaanza kugonga taratibu ubavuni mwa boti. Ko, ko, ko. Sauti kavu, safi. Akasogea nyuma akigonga. Ko, ko. Halafu, pu.

Akarudia. Pu. Pu.

"Sogea, Mama Chiriku. Gonga mwenyewe."

Msusi akagonga. Mbele sauti ilikuwa kavu. Nyuma ilikuwa kama kupiga mto. Hakuwa fundi, lakini hata mtoto angesikia tofauti ile.

"Kwa nini inasema hivyo?"

"Ndani ya faiba, hili ganda la nje, kuna mbao. Mbao nzima hujibu. Iliyooza hainyanyui sauti. Hapa nyuma ndipo panapobeba injini yote. Brashi, shika injini, iinue na kuishusha. Polepole."

Brashi akaishika. Aliponyanyua, ubao wa nyuma ukalia krrr, na katika ile rangi nyeupe aliyoisifu kwa siku tano ukatokea ufa mwembamba, kutoka juu hadi chini. Brashi akaachia injini kana kwamba imemuunguza.

"Mwanzo wa mambo," akasema Shangazi. Akachukua bisibisi, akafungua skrubu moja ya chini. Skrubu ikatoka kwa vidole, bila nguvu yoyote. Halafu kwenye tundu lake yakaanza kutoka maji. Maji ya kahawia, yananuka kama tambara lililosahaulika kwenye ndoo.

Wote wakayatazama yakidondoka mchangani.

"Boti iko nchi kavu muda wote huu," Shangazi akasema. "Haya maji yametoka wapi?"

Tabasamu la muuzaji lilikuwa bado pale, ila halikuwa na mwenyewe.

Brashi akapiga magoti. Akakwangua kwa ukucha pembeni ya ule ufa. Rangi ikabanduka, chini yake ikaonekana puti ya kuzibia nyufa, puti tupu, imesukumwa ndani kwa vidole na kusawazishwa. Yeye huisukuma puti kila siku kwenye kuta za watu. Aliijua vizuri. "Mungu wangu," akasema. "Mimi nilitazama rangi. Rangi tu!"

"Kazi yako rangi, ukaona rangi," Shangazi akasema. "Muuzaji alikujua kabla hujamjua. Karatasi za boti ziko wapi?"

"Ziko kwa ndugu yangu," akajibu muuzaji haraka. "Kasafiri."

"Naam. Kila boti ninayoijua mimi yenye kasoro, karatasi zake ziko safarini."

Msusi hakusikia tena utani ule. Macho yake yalikuwa kwa mwanawe. Chiriku alikuwa amefika ukingoni mwa gati, amevaa jaketi lake la chungwa, anainama kutazama maji.

"Chiriku! Rudi hapa!"

"Siwezi kuzama, Mama! Nimevaa jaketi!"

"Mlete," Shangazi akasema, na sauti yake sasa haikuwa na mzaha. "Mvue hilo jaketi."

Msusi akamvuta mtoto, akafungua vifungo. Vidole vilivyozoea nywele nyembamba sasa vilikuwa vinashindwa na kifungo kimoja. Shangazi akalichukua jaketi, akaliminya ubavuni, akakunja uso. Kisha akalitupa majini.

Likaelea.

"Si mnaona!" akasema muuzaji.

"Tunaona. Tulia."

Wakatulia. Jaketi likaanza kulala ubavu. Upande mmoja ukaingia ndani. Likageuka polepole, likatoa mapovu, mkanda wake mweusi ukabaki juu kidogo, nao ukafuata. Rangi ya chungwa ilionekana chini ya maji ikififia, ikififia. Halafu hapakuwa na kitu.

Msusi akapiga ukelele uliowageuza watu mpaka kule barabarani. "Mwanangu! Umemvalisha mwanangu hilo!"

Shangazi akalivua kwa mti mrefu, akachana mshono kwa bisibisi. Ndani hapakuwa na maboya. Palikuwa na sponji ya godoro kuukuu, imejaa maji kama ile ya kuoshea vyombo.

"Sponji hunywa maji," akasema. "Likishiba, badala ya kumnyanyua mtoto linamvuta chini."

Na yule muuzaji, salaale, mnajua alisema nini? Alisema, "Lakini majaketi ni zawadi tu. Sikuyahesabu kwenye bei."

Brashi akaketi chini, pale pale mchangani. Alikuwa mtu mpole ambaye hata fundi mwenzake akimharibia ukuta hanyanyui sauti. Akamwambia muuzaji, "Ondoka mbele yangu. Ondoka kabla sijasimama." Msusi akapiga simu kwa wakaguzi wa vyombo vya majini, na hakukata mpaka waliposema wanakuja kuiangalia boti ile.

Nyumbani siku ile hakuna aliyekula vizuri. Chiriku pekee ndiye aliyetaka kujua jaketi lilijisikiaje kule chini, wakamwambia anyamaze, akanyamaza kidogo.

"Basi nimekoma," akasema Brashi. "Mambo ya boti nimeyaacha."

"Hukuharibu kwa kutaka boti," Shangazi akamjibu. "Umeharibu kwa kutoiuliza. Kwanza niambieni, mnataka boti, au mnataka kwenda ziwani?"

"Si ni kitu kimoja?"

"Wala! Boti inataka mafuta, matengenezo, mahali pa kulala, ukaguzi. Kodisheni kwanza ya wale wenye kibali, pamoja na nahodha wao. Mkiona mnakwenda kweli, si mara moja tu ya kupiga picha, ndipo tutatafuta. Na tukiipata, aliyeiuza asiwe ndiye anayeisifu. Mlipeni fundi msiyemjua, asiyemjua muuzaji, aikague. Mimi nimezeeka, naweza kukosea."

"Na kuogelea?" Msusi akauliza.

"Hapo ndipo pa kuanzia, mwanangu. Nilikuwa nangoja nione nani ataliuliza."

Wakafanya hivyo. Walikodi, walijifunza kuogelea. Msusi alikunywa maji mengi ya bwawa kabla hajaacha kushika ukingo, na Brashi alielea kama gogo lakini alielea. Msimu uliofuata walisikia habari za mzee mmoja anayeuza boti yake kwa sababu magoti yamemkatalia. Rangi yake! Ilikuwa imepauka, imebabuka, hata Brashi aligeuza uso. Lakini mzee alianza yeye mwenyewe kutaja kasoro: taa moja imekufa, kiti kimechanika, pampu ni ya kubadilisha. Karatasi zilikuwa mkononi. Injini ilikuwa baridi kama jiwe, ikawaka. Msusi akagonga kila mahali, mbele hadi nyuma. Ko, ko, ko. Fundi wa kukodi naye akaikagua nchi kavu, kisha majini ikiwa na watu wa kutosha, akasema inafaa. Wakainunua. Majaketi walinunua mapya dukani, na kila moja lilijaribiwa bwawani likiwa na mtu wake ndani.

Jumapili ya kwanza walimwambia mlinzi wa gati wanakwenda wapi na watarudi saa ngapi. Wakatoka. Ziwa lilikuwa tulivu. Chiriku alikuwa anahoji injini.

Walipokuwa mbali, injini ikakohoa, ikazima.

Brashi akawasha. Kimya. Akawasha tena. Upepo ukaanza kuisukuma boti kuelekea kwenye mawe. Msusi akaona mawe, akaona mtoto wake, na kwa kitambo hakuona kingine.

Halafu akasema, "Nanga, Baba Chiriku!" Akaitupa mwenyewe. Kamba ikakaza, boti ikageuka na kusimama. Brashi akazima kila kitu, akainua injini, akatazama. Mfuko wa plastiki ulikuwa umejifunga kwenye pangaboi la injini, umekaza vibaya. Akaukata kipande kwa kipande. Mlinzi wa gati, aliyeona boti imesimama mahali pasipo pa kusimama, alikuwa tayari anakuja. Injini ikawaka, wakavuta nanga, wakarudi polepole, mlinzi nyuma yao.

Brashi alishuka anacheka. "Umeona? Boti nzima nayo hukwama! Lakini hatukupata hata tone ndani!"

Alipogeuka, alimkuta mkewe ameketi kwenye mbao za gati, analia kwa sauti, mabega yanatikisika, bado amevaa jaketi.

"Mama Chiriku, mbona unalia? Si tumefika?"

"Safari hii tumefika," akasema. "Naililia ile nyingine. Ile tuliyotaka kwenda Jumamosi ile."

Brashi akaketi karibu naye. Chiriku akaja akajibana katikati yao, akawashika mikono, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakuwa na swali.