Sauti ya Kyakimwa Inaitika

Simu haikulia, lakini mashine iliitika.

"Karibu. Niko hapa. Nikusaidie nini?"

Kyakimwa alikuwa na mkate mdomoni, kwa hiyo si yeye aliyesema, ingawa sauti ilikuwa yake. Alitafuna polepole, akaitazama spika juu ya meza kama mtu aliyekutana sokoni na mgeni aliyevaa gauni lake.

"Ya Rodrigue! Mashine yako inaongea yenyewe."

"Acha ifanye mazoezi. Weye ukiimba ku choo, nani anakulalamikia?"

Rodrigue alikuwa fundi wa kompyuta wa Papa Séverin, mfanyabiashara wa jumla mwenye ofisi katikati ya Lubumbashi na matawi Likasi, Mokambo na Goma. Zamani kompyuta ikigoma Mokambo, Rodrigue alipanda lori, akala vumbi njia nzima, akafika na kukuta waya umechomoka tu. Siku moja alichoka kula vumbi, akabuni Fundi-Bila-Mguu: programu inayopokea simu za makarani, inauliza shida, inaomba ruhusa, kisha inaingia ndani ya kompyuta kutoka mbali na kuitengeneza. Ilihitaji sauti. Wakachukua ya Kyakimwa wa mapokezi, tamu kama kinywaji cha munkoyo kilicholala usiku. Alishinda mbele ya mikrofoni akisoma maneno: karibu, subiri, ndiyo, niko hapa.

Mama yake hakupenda. Kwao Butembo, ukiitwa na usiyemwona, unameza ulimi, huitiki.

"Na ninyi mumetengeneza kintu inaitikia kila muntu, mara ya kwanza, na sauti ya mutoto wangu? Muko na wazimu?"

Walicheka wote. Hata yeye mwenyewe alicheka kidogo.

Kisha Goma ikaanguka mikononi mwa waasi. Tawi likachomwa, simu zikafa, na Paulin, mdogo wake Kyakimwa, karani wa tawi lile, hakusikika tena. Kila mchana, huko nyumbani Kasapa, mama alimpakulia bukari kwenye sahani yake, akaifunika, akaketi kuitazama.

Basi, siku moja mashine iliitika tena, mchana kweupe, mvua ikianza kupiga mabati. Safari hii ilikuja na harufu: plastiki iliyoungua, na majivu yaliyolowa. Kwenye skrini lilitokea jina la tawi linalopiga. Goma.

"Haiwezekane," Rodrigue alinong'ona, utani wote umemkauka. "Ile kompyuta iliungua. Niliona foto."

Spika ikavuta pumzi, pumzi ndefu ya mtu aliyepanda ngazi nyingi.

"Yaya," ilisema, vile Paulin alivyozoea kumwita dada yake.

"Niko hapa," sauti ya Kyakimwa ikaitika, kabla Kyakimwa hajafungua mdomo. Na alipoufungua amlilie ndugu yake, koo lilitoa mkwaruzo, kama kiatu juu ya changarawe.

Toka hapo iliita kila mvua ilipoanza, na kila mashine ilipoitika, sauti ya Kyakimwa ilipungua, mpaka wauza mkate barabarani wakawa wanamsogezea masikio ili wamsikie, ilhali ile ya ndani ya spika ilinona, ikang'aa, ikaanza hata kukohoa, jambo ambalo hakuna aliyelirekodi.

Rodrigue akamleta Mama Laurentine, mke wa mstaafu wa reli, mwombeaji wa parokia, yule anayeitwa wakati padri yuko mbali na hofu iko karibu. Alinusa mlangoni, akashika rozari yake.

"Bashofere ba Dar bangesema jini," alisema. "Miye siijue jina. Inaomba nini?"

"Inasema kuko giza," alijibu Rodrigue. "Inaomba kuingia."

"Na mashine inaweza kuiambia ndiyo?"

Rodrigue akaitazama spika. "Ile neno tuliirekodi, Mama."

"Basi we binti utatangulia mashine kusema hapana. Na mudomo yako. Leo."

"Na kama njo yeye?" Kyakimwa alinong'ona. "Kama ni Paulin, na miye namufungia mulango?"

Mama Laurentine alizungusha rozari. "Mufu wako atakuya mu ndoto. Muzima wako atakuya na miguu. Hii inapita mu waya ya nyumba iliungua. Sijue ni nani, mutoto yangu. Najua tu haipashwe kuingia."

Mvua ikaja. Umeme ukakatika mtaa mzima, na Rodrigue alikuwa ameshachomoa kila waya, ameubeba kila waya mikononi kama utumbo wa mbuzi, lakini taa ndogo ya spika ikawaka hata hivyo, na harufu ikapanda kutoka sakafuni, ikawafika magotini, ikawafika puani, na ndani yake ile pumzi ikawa inakaribia, inakaribia, kama mtu anayetembea kwenye korido ambayo ofisi ile haikuwa nayo.

"Yaya. Kuko baridi huku. Unaniruhusu niingie?"

Sauti nzuri ya Kyakimwa ikajiandaa ndani ya spika. "Ndi..."

Kyakimwa alimkumbuka Paulin mdogo, mgongoni mwake, amefungwa kitenge, anasinzia. Akakusanya kila kilichobaki kooni.

"Hapana!"

Taa ikazimika. Harufu ikaondoka kana kwamba dirisha limefunguliwa. Rodrigue alicheka huku analia, akamkumbatia Mama Laurentine mpaka rozari ikakatika, akatoka naye kumtafutia taxi. Kyakimwa akabaki peke yake, analia bila sauti.

"Haina neno, Yaya," ilisema spika, taratibu, bila huzuni. "Nitauliza Mama."

Kyakimwa akapiga simu nyumbani. Mama alipokea papo hapo, anacheka.

"Kyakimwa! Paulin iko hapa, ku mulango! Anaomba ruhusa sawa mugeni! Mutoto gani anaombaka ruhusa kwa mama yake?"

Kyakimwa alipiga kelele. Hakikutoka kitu. Alifungua mdomo mpaka taya likalia, akagonga simu juu ya meza, akagonga tena.

"Allô? Unagonga nini? Baki ku simu, nitamupa simu muongee."

Ndani ya simu, komeo likavutwa.

"Ingia, mutoto wangu, ingia, umeloa... Eh. Paulin? Na aba bantu bengine unakuya nabo, ni ba nani?"