Ukumbi Wasimoingia Wanaume

"Tende zimefika?"

Sauti ya Meja Ghazi ilitoka ndani ya hereni ya Wadha Al-Harthi.

"Zimefika," Wadha alijibu, midomo haikusogea. "Zina mdudu."

"Mdudu gani?"

Hakupata nafasi ya kujibu. Kitu chenye ncha kilimgusa ubavuni.

Sindano.

"Cheka," mwanamke aliyesimama nyuma yake alinong'ona. "Watu wanatutazama."

Wadha akacheka. Angefanyaje?

Kwa watu wote ukumbini, Wadha alikuwa karani wa mahusiano ya kimataifa katika Chuo cha Wanawake cha Al-Manahil, Jeddah. Kazi yake kupokea wageni, kumimina kahawa na kupanga bendera mezani. Kwa Idara ya Usalama, alikuwa jasusi aliyetumwa kumlinda binti mmoja tu, Ruba Bakhsh, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aliyebuni kufuli la kompyuta linalolinda mitambo ya maji ya pwani nzima. Ambaye angemteka Ruba angeweza kuukausha mji. Na leo walikuja kumchukua mchana kweupe, kwa makofi na vigelegele.

Walijiita ujumbe wa chuo kikuu cha Ulaya. Kiongozi wao, mwanamke aliyeitwa Dokta Vossberg, alikuwa ametia saini mkataba wa kubadilishana wanafunzi, na wa kwanza kuchaguliwa akawa Ruba. Huyu mwenye sindano alikuwa msaidizi wake, Petra, pande la mtu.

Milango ilikuwa imefungwa kwa ndani. Wanawake mia tatu walikuwa wamevua mabaibui, nywele zimetoka saluni, magauni yanameta. Mwanamume hakanyagi humo. Meja Ghazi na vijana wake walikuwa nje ndani ya magari mawili ya GMC, wana bunduki na hawana faida. Bastola ya Wadha, Beretta, ilikuwa mkobani, na mkoba ulikuwa kule kwenye meza ya keki.

Vossberg alisogea, akambusu Wadha mashavu yote mawili. Kiarabu chake kilinyooka.

"Nilikuona Geneva ukipeleleza, mpenzi," alisema. "Unajua ninachokipenda hapa kwenu? Hizi kuta. Askari wako hawezi kuingia, na wewe huwezi kutoka."

Akaenda kumshika Ruba mkono. Basi lenye mapazia meusi lilisubiri uani, nje ya mlango wa jikoni. Basi la wanawake pekee. Askari gani angethubutu kufunua pazia?

"Wadha?" hereni iliita. "Wadha, nijibu."

Wadha akaendelea kutabasamu.

Aliogopa, tusidanganyane. Jasho lilimtiririka mgongoni na kiyoyozi kinanguruma juu yake. Akimwita Ruba, sindano inazama. Tena hata angemwita, binti asingemwamini, maana alikuwa anang'ara kwa furaha, amemng'ang'ania mgeni wake. Jukwaani mkuu wa chuo, Dokta Mudhi, alikuwa bado anahutubia kwamba chuo kimeifungulia dunia milango.

Milango gani, mama?

Ruba akapita mbele yake.

"Abla Wadha, dada yangu, niombee dua," alisema. "Ndege ni alasiri hii."

Vossberg akatabasamu. Jikoni palibaki hatua chache.

Hapo Wadha akaikumbuka kelele ambayo wahudumu wa chuo huipiga kila fundi anapokuja kutengeneza viyoyozi. Hakuna mgeni anayefundishwa la kufanya akiisikia.

Akavuta pumzi.

"Mwanamume! Mwanamume anaingia!"

Wee! Ungeona.

Mabaibui yalichomolewa mikobani na migongoni mwa viti. Hakuna aliyeuliza mwanamume yupi wala anaingilia wapi. Kwanza unajisitiri, maswali baadaye. Ruba aliukung'uta mkono wa Vossberg, kwani baibui linataka mikono miwili, akateremsha nikabu usoni.

Petra aligeuka kumtafuta huyo mwanamume.

Kosa.

Wadha alimkunja kifundo cha mkono, sindano ikazama pajani mwa Petra mwenyewe. Petra akakaa chini taratibu, akalala.

Vossberg alijikuta katikati ya watu waliojifunika nguo nyeusi tii, wote sawa. Akamkwapua mmoja, akaanza kumkokota kuelekea jikoni.

"Niachie, we mwanamke usiye na adabu," yule mtu alisema, kwa sauti ya mkuu wa chuo, aliyekuwa ameshuka jukwaani kuchukua baibui lake.

Wadha aligusa hereni. "Meja. Ingia sasa."

"Nitaingiaje, dada? Wanawake wetu wamo humo."

"Wamejisitiri wote. Waliobaki wazi ndio wako."

Mlango ukavunjwa.

Kazi haikuchukua muda. Vossberg alitolewa na pingu mikononi, na nyuma yake Petra akabebwa anakoroma. Dokta Mudhi alikuwa bado anamfokea Meja kuhusu bei ya mlango.

Ruba alikuwa ameketi peke yake, analia. Wadha alimweleza yote kwa sauti ya chini: kufuli, maji, na chumba kisicho na dirisha alichoandaliwa huko mbele.

"Nimesikia," Ruba alisema. "Lakini nilishamuaga mama. Miaka yote nimesoma ili nitoke hapa, Abla. Sasa umenifungia tena."

Maneno hayo yaliuma. Wadha alikuwa na majibu ya Idara, akayaacha.

"Wewe huwezi kumwelewa mtu kama mimi," Ruba aliendelea.

"Leo nilikuwa nimebanwa humu kuliko wewe," Wadha alimwambia. "Simama. Huu mlango hauna kitasa tena."

Alichukua mkoba wake, akachukua na kipande cha keki, akavaa miwani ya jua. Akatoka bila kugeuka nyuma. Huko nje lami ilikuwa inachemka na magari yanapiga honi.

Nyuma yake alisikia viatu vya Ruba vikishuka ngazi.