Picha Iliyoondolewa kwenye Skrini

Kila asubuhi kabla ya kengele, mimi huwa wa kwanza kufika maktaba. Nafuta vumbi jekundu kwenye kibodi, nawasha kompyuta ya dirishani, kisha nakaa nikiutazama uso wa skrini nilioupamba kwa mkono wangu. Babu yangu alikuwa pale, anacheka kando ya gari lake bovu, na pembeni yake folda zangu nilizozipaka kijani na kuzipanga mstari mmoja. Ndani ya folda hizo mlikuwa na sauti za wazee wetu nilizorekodi kwa miezi mitatu. Ijumaa mji mzima ungekuja kuzisikiliza.

Jumatatu ile skrini ilikuwa ya kijivu. Babu hayupo, folda hazipo. Nilizima kompyuta, nikaiwasha tena; bado kijivu.

Nilifungua daftari la kusaini. Jina la mwisho lilikuwa la binamu yangu Clifton, aliyeingia Ijumaa iliyopita jioni. Siku hiyohiyo alikuwa amerudi kutoka kambi ya msiba, ambako yeye na ukoo wake walikwenda kumlilia babu yake mzaa baba, ambaye hakuwa babu yangu mimi. Nilimfuata uwanjani.

"Clifton, umegusa kompyuta ya dirishani?"

Akatazama viatu vyake. "Iache ilivyo."

"Folda zangu ziko wapi?"

"Nimekwambia iache, dada." Akaondoka na mpira wake.

Rafiki yangu Jaydene alicheka kwa pua. "Huyo ana wivu. Tangu mwalimu akupe wewe kazi ya kurekodi badala yake, hajalala. Kimya kingi kina mshindo mkuu."

Basi nikaanza kumchunga. Jumanne nilimkuta akinong'ona na Shangazi Noreen, mtunza maktaba wetu. Waliponiona wakanyamaza, na shangazi akatia flashi mfukoni haraka. Hata shangazi? Nilikula chakula cha mchana peke yangu, nimenuna, nikimhesabia Clifton makosa yake yote tangu tukiwa wadogo. Sikumuuliza shangazi lolote. Mtu mwenye shaka haulizi, anatega.

Jumatano nikatega. Picha ya babu ilikuwa bado kwenye simu yangu, nikairudisha kwenye skrini, kubwa, imejaa pembe hadi pembe. Nikajificha nyuma ya rafu nione nani atakuja kuifuta.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Clifton. Alipoiona ile picha alishtuka. Nje ya dirisha nikasikia sauti za kina mama waliokuja kupanga viti vya Ijumaa, na sauti ya nyanya yake Clifton ikiwa mbele. Clifton akavua koti, akaifunika skrini, akasimama mbele yake amepanua mikono.

"Nimekushika, mwizi," nikasema, nikatoka mafichoni na kulivuta lile koti.

"Shontelle, nakuomba," alisema, na sauti yake ilikuwa ya kulia. Hakuliachia.

Shangazi Noreen aliingia mbio, akatupita wote wawili, akachomoa waya ukutani. Skrini ikawa nyeusi wakati nyanya anavuka kizingiti. Shangazi akanishika mkono hadi nje.

"Toa simu yako. Nyuma ya babu yako, karibu na gurudumu, amesimama nani?"

Nilitazama. Mzee mrefu, kofia mkononi: babu yake Clifton. Nilijua kuwa amefariki. Nilijua hata duka limeshusha picha ya timu kwa sababu yeye alikuwemo. Lakini kwenye picha yangu macho yalikuwa yanamwona babu yangu tu.

"Na chini ya folda ya tatu uliandika jina la nani?" shangazi akauliza.

Niliifunika simu kwa kiganja. Jina lile halikutakiwa kutoka kinywani mwangu.

"Umeona? Kwetu mtu akifariki, sura yake haitazamwi, jina lake halitajwi, mpaka ukoo wake wenyewe useme. Sasa huyu mtoto angekueleza vipi, amtaje marehemu wake? Alikuja kwangu analia, akaniomba tuondoe kila kitu kabla nyanya yake, mjane wa marehemu, hajaona, ili usiaibike. Sauti zako zote ziko salama kwenye flashi. Kosa langu ni kwamba nilingoja ukumbuke mwenyewe."

Nilirudi ndani. Clifton alikuwa anakunja koti lake.

"Nisamehe, kaka. Nimekuita mwizi na wewe ulikuwa unanisitiri."

Akalitupia koti begani. "Nimesamehe. Ila ukinituhumu tena, nitaweka pale picha yako umelala darasani, mate yanatiririka."

Tuliipamba skrini upya pamoja: mbwa wa dukani amelala barabarani. Hakuna ambaye angemlalamikia.

"Skrini ya maktaba ni ukuta wa watu wote," shangazi alituambia. "Kabla ya kutundika kitu, mtazame kila aliyemo. Na wewe, Shontelle, kuuliza si ujinga. Ungeniuliza Jumatatu, usingemvunjia ndugu yako heshima Jumatano."

Ijumaa tuliwasikilizisha watu sauti zote isipokuwa moja, ile ya mzee wa kofia, iliyofungiwa kwenye droo ya shangazi. Nyanya yake Clifton alikaa mstari wa mbele. Watu walipoanza kutoka, alinivuta karibu.

"Mmeruka moja," akasema polepole. "Itunze, mjukuu wangu. Siku nikiweza kuisikia, nitakuja kuiomba kwako."