Wafuasi Walikuwa Wangu, Kipigo Kikawa cha Minza

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na moja, nina mtoto mmoja, na kazi yangu ni ususi huku Buhongwa, jijini Mwanza. Jina langu halisi naomba nilifiche. Jina lililojulikana mtandaoni limeshaleta balaa la kutosha.

Kusuka sikufundishwa na mtu. Wenzangu wakicheza rede, mimi nilikuwa nimekaa pembeni nasuka majani yaliyoota ukutani! Nilipokua nikapanga chumba kimoja cha barabarani, nikaweka kioo na viti vitatu vya plastiki, nikaanza maisha.

Siku moja mteja akaniambia, mikono kama hii kuificha Buhongwa ni dhambi, niiweke mtandaoni watu waione. Nikanunua kijiti cha kusimamishia simu. Nikajiita Suzi Mikono Laini. Kila siku nikarusha video nikisuka na kueleza ninavyopenda kazi yangu... na kweli niliipenda, sikuwa naigiza.

Watu wakaja kama nzige! Wafuasi kutoka Kahama, Dar, hadi Nairobi. Wanawake wa Kirumba na Igogo wakawaacha wasusi wao wakapanda magari kunifuata mimi. Nikajifunza kanuni moja ya mtandaoni: ukiulizwa swali, jibu haraka, tena kwa upole, maana asiyejibiwa leo kesho ana msusi mwingine. Kichwa kikanivimba. Nani asingevimba?

Katika wateja wangu alikuwepo Minza, mwanamke mpole mwenye binti wa miaka minne aitwaye Hepi. Alikuja kila baada ya wiki tatu, Jumamosi asubuhi.

Msusi husikia mengi kuliko mchungaji. Mteja amekupa kisogo, hakuoni uso, mikono yako iko kichwani mwake saa tatu au nne... mdomo unafunguka wenyewe. Hivyo ndivyo Minza alivyoniambia kwamba alimtoroka mumewe upande wa Sengerema. Mume ni mchuuzi wa ng'ombe, anazunguka minadani, na fimbo ya kuswagia ng'ombe ndiyo hiyo hiyo aliyompigia mkewe. "Akijua nilipo, dada, ataniua," aliniambia.

Nikamjibu kwamba siri yake nimeizika. Nimeizika! Nacheka kwa uchungu ninapoandika neno hilo.

Jumamosi moja nilimsuka msuko mpya niliobuni mwenyewe, nywele zote zinapanda juu hadi utosini, shingo inabaki wazi. Ulitoka mzuri mno. Nikamwomba nimrekodi. Akakataa. Nikambembeleza, nikamwambia ni nyuma tu, sura haitaonekana kabisa. Mimi ndiye niliyekuwa namsuka Hepi bure, angenikataliaje? Mwisho akasema kwa sauti ya chini, "Sura tu isionekane, dada."

Sikuonyesha sura. Lakini shingoni, chini kidogo ya nywele, Minza alikuwa na chale tatu za kulala, alizochanjwa utotoni alipougua degedege. Niliziona, wasomaji. Sitasema sikuziona! Tena nikaona zinapendezesha, nikaisogeza simu karibu.

Video ile ilienda kuliko zote. Nilikuwa najibu maswali huku nakula, huku nasuka. Ndipo akaja mwanamume mmoja, mstaarabu sana, akanisalimia vizuri na kunipa hongera ya kazi. Akasema mkewe ameupenda msuko ule ila haamini picha za mtandaoni, anataka auone kwa macho. Yule dada anarudi lini kufumua?

Moyo ulinishtuka kidogo... kidogo tu. Nikajiambia mteja ni mteja. Nikamtajia Jumamosi, saa nne asubuhi, na njia ya kufika kutoka barabara ya Shinyanga. Nikamalizia na picha ya ua la waridi.

Jumamosi ikafika. Minza amekaa kitini, ameupa mlango mgongo, nimeshasuka nusu ya kichwa. Hepi alikuwa akicheza kizingitini. Nikasikia hodi. Nikaitikia kwa furaha, mjinga mimi, "Karibu kaka! Wewe ndiye wa mtandaoni?"

Shingo ya Minza ikakakamaa mikononi mwangu.

Kwenye kioo nikamwona mwanamume mrefu mwenye koti. Amembeba Hepi, na mtoto ameshika soda aliyonunuliwa. Hakupaza sauti. Alisema, "Minza, twende nyumbani." Kisha akanigeukia akitabasamu: "Asante, dada. Mnadani, kwenye ng'ombe mia, wangu namjua kwa alama. Sembuse mke?"

Wateja wawili waliokuwa wakisubiri wakacheka, wakidhani ni utani wa mume na mke. Minza hakupiga kelele. Mtoto alikuwa mikononi mwa yule mtu, angepigaje kelele? Alinitazama kwenye kioo, akajifunga kitenge kichwani juu ya nywele zilizosukwa nusu, akatoka.

Nami nikabaki nimeshika kitana.

Mngedhani nilikimbilia polisi. Sikukimbia. Nilikaa siku mbili nzima nikiwaza watu watasemaje, wafuasi watanionaje, jina langu litachafuka vipi. Siku mbili! Nilipokwenda dawati la jinsia na kueleza, kumbe majirani kule Sengerema walikuwa wameshamkuta Minza uani, mkono wa kulia umevunjwa mara mbili kwa fimbo. Mume alikuwa ameshakimbia, Hepi yuko kwa bibi yake.

Nilimfuata hospitali na chupa ya uji. Mama yake nilimsalimia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Minza alikuwa amenyoa kichwa kizima. Nikapiga magoti, nikalia, nikamwambia sikukusudia.

Akaniacha nilie. Kisha akasema maneno ambayo nitaingia nayo kaburini: "Yeye tangu zamani ananipiga, nilishamzoea. Wewe ndiye niliyekuamini."

Nimeifuta ile video, nimeifuta na akaunti yenyewe. Imesaidia nini? Wengine walishaipakua, wameiwekea muziki, inazunguka. Mkono wa Minza haukunyooka tena. Na yule mwanamume hajakamatwa, na kila nikisikia hodi mlangoni, natazama kwanza kwenye kioo.

Ndugu zangu wenye vipaji, sisemi msijitangaze. Pikeni, shoneni, sukeni, dunia iwaone! Lakini mtu akisita kuingia kwenye picha yako, zima simu, usimbembeleze. Kusita kwake kuna sababu ambayo huenda huijui... na mimi niliijua! Na mgeni akikuuliza fulani anakuja lini, usimjibu, hata kama maneno yake ni matamu kama asali.

Wiki iliyopita nimesikia kwamba Minza na Hepi wamehama tena. Safari hii hakuniambia anakokwenda, na alifanya vizuri.