Hodi ya Bibi Cherehani

Asubuhi katika karakana ya Fundi huanza kwa sauti ya randa. Randa hupita juu ya ubao, maranda huanguka chini, na harufu ya mbao hujaa chumbani. Fundi hutengeneza majeneza. Ni kazi ngumu kuombewa dua. Nani atamwambia, "Mungu akuletee wateja"? Majirani wakimuuliza kazi inaendaje, yeye huwajibu kwamba inaenda, lakini hana haraka ya kuwapata wao.

Mkewe hushona vitambaa vya kutandika ndani ya majeneza. Binti yao wa pekee alikuwa akipiga msasa. Walimwita Msumari. Alikuwa mwembamba na mgumu, na jambo likishamwingia kichwani halikutoka kwa urahisi.

Karakana ile ilikuwa na miiko miwili. Fundi aliirithi kutoka kwa marehemu baba yake, pamoja na misumeno. Mwiko wa kwanza: ukisikia hodi, usiitikie karibu mpaka umeuona uso wa anayebisha. Mwiko wa pili: mkono uliompima maiti haupokei kitu chake. Usipokee nguo yake, wala sahani, wala zawadi. Ukipokea, mwenyewe atakuja kukidai. Fundi hakuwa mtu wa kuamini kila anachoambiwa. Wapiga ramli aliwacheka mchana kweupe. Miiko hii miwili hakuicheka hata siku moja.

Juu ya mlango wa ndani kulikuwa na rafu. Hapo yalikaa majeneza madogo, ya watoto. Hayo hayakungoja kuagizwa. Fundi aliyatengeneza mapema, kwa sababu yalihitajika mara kwa mara, na mzazi aliyefiwa na mtoto huwezi kumwambia arudi kesho. Msumari ndiye aliyeyapiga msasa tangu utoto wake, maana mikono yake midogo ilifika hadi kwenye pembe za ndani.

Siku moja aliweka msasa chini akasema, "Baba, nataka kusomea uuguzi wa watoto. Nimechoka kulainisha haya."

Fundi aliendelea kupiga randa ubao ambao ulikuwa tayari umenyooka.

Msumari alisoma, akafaulu, na chuo kikuu cha umma kikampa nafasi. Sasa ikabaki ada. Mkopo wa serikali ulilipa sehemu tu. Sehemu iliyobaki ilikuwa kubwa kuliko karakana yenyewe. Fundi alitaka kuuza msumeno wa umeme. Mkewe akamuuliza, akishauuza, mbao atazipasua kwa meno?

Halafu mchana mmoja Msumari aliingia mbio, simu mkononi. Chuo kilikuwa kimemwandikia kwamba ada yake yote iliyobaki imepata mfadhili. Fedha zitatoka Mfuko wa Bibi Cherehani. Mama yake alimkumbatia mpaka kilemba kikamwanguka. Fundi alisimama palepale.

"Rudia hilo jina," akasema.

Msumari akalirudia.

Bibi Cherehani alikuwa mshonaji wa sare za shule hapo mtaani. Alikufa zamani, Fundi akiwa kijana anayejifunza kazi. Ndiye maiti wa kwanza ambaye Fundi alimpima kwa mkono wake mwenyewe. Alikumbuka vizuri subana yake, ile kofia ndogo ya chuma ambayo washonaji huvaa kidoleni ili sindano isiwachome. Bibi aliivaa miaka mingi hata ikagoma kuvulika. Alizikwa nayo.

"Huyo nilimpima mimi," Fundi akasema. "Hizo pesa hatuzichukui."

Msumari alidhani baba anatania. Alipouona uso wake, akajua hatanii. Alianza kumbembeleza. Alimweleza kwamba usajili unafungwa Ijumaa, na asiyejisajili hupoteza nafasi. Fundi alijibu kwamba mfu halipi ada ya mtu bure.

Ndipo waliposikia sauti.

Ko. Ko. Ko.

Ilikuwa sauti ndogo na kavu, kama chuma cha kidoleni kinachogonga ubao. Ilitoka kwenye rafu, katika majeneza madogo. Wote watatu waliinua macho. Hakuna aliyeitikia.

Tangu hapo sauti ile haikukoma. Ilikuja mchana, jua likiwaka na watu wakipita barabarani. Fundi akipiga randa, inanyamaza. Akipumzika, inaanza. Aliyashusha majeneza madogo moja moja, akayapindua, akatafuta dumuzi, yaani wale wadudu wanaokula mbao. Hakuona tundu wala unga. Mbao zilikuwa safi.

Kesho yake mkewe alirudi kutoka kisimani akakuta gurudumu la cherehani yake likizunguka polepole. Hakuna aliyeligusa. Alijiambia kwamba ni upepo. Kisha akatazama dirisha, na dirisha lilikuwa limefungwa. Siku hiyo alishonea nje, uani.

Msumari naye aliacha kuongea na baba yake. Bila kuambiwa, alichukua msasa akaanza tena kulainisha majeneza madogo. Hilo lilimuumiza Fundi kuliko ile sauti. Alikuwa akimpenda mtoto yule kwa moyo wake wote, na alikuwa akimwogopea kwa moyo huohuo.

Mkewe aliona maji yamezidi unga. Akaenda kwa jirani yao, Dada Miwani. Dada Miwani alikuwa mfanyakazi wa chuo, katika ofisi ya mifuko ya wafadhili. Alikuja Alhamisi wakati wa chakula cha mchana, akajidai anapita tu. Fundi akafuta vumbi juu ya jeneza jipya ili mgeni akae.

"Hilo nitalilalia siku yangu ikifika," Dada Miwani akasema. "Leo nipe kigoda."

Fundi akacheka, mara ya kwanza wiki ile. Kisha akauliza lililomkaa moyoni.

"Dada, mtu aliyekufa analipaje ada?"

"Ukitaka kuni kila mwaka kwenye mti mmoja, Fundi, unakata wapi?"

"Matawi. Shina unaliacha, linachipua."

"Ukikata shina?"

"Umekula mara moja, basi."

"Pesa ya Bibi Cherehani ni shina. Chuo hakilikati."

Akamweleza taratibu. Bibi Cherehani hakuwa na mtoto. Alipozeeka aliuza kiwanja chake, akakipa chuo pesa yote akiwa bado hai. Alitoa sharti moja: isaidie wanaosomea uuguzi. Mali inayotolewa namna hiyo, ikatunzwa daima kwa ajili ya kazi fulani, huitwa wakfu. Chuo hakikuitumia ile pesa. Kiliiwekeza. Sehemu waliikopesha serikali kwa kununua hati fungani, na sehemu walijengea nyumba za kupangisha. Kila mwaka uwekezaji huo huleta faida. Faida hiyo hulipa ada za wanafunzi na kununua vitabu na vifaa. Lakini haitumiki yote. Kiasi hurudishwa kwenye shina, kwa sababu bei hupanda, na shina lisipokua litageuka kijiti. Kuna bodi inayosimamia, na kuna wakaguzi kutoka nje. Hesabu hutangazwa, na yeyote anaweza kuzisoma.

Fundi akauliza kama serikali haitoi pesa, maana chuo ni cha umma.

"Inatoa, tena nyingi. Lakini kuna mwaka wa neema na mwaka wa kubana. Wanafunzi hawaachi kuja kwa sababu mwaka ni mbaya. Mfuko kama huu ndio unatuambia kwamba hata wajukuu zetu watakuta kitu."

Fundi alisugua viganja vyake. Alisema ameelewa, lakini mwiko ni mwiko. Mkono uliompima maiti haupokei kitu chake.

"Kitu chake," Dada Miwani akasema. "Siku ulipompima, alikuwa na kiwanja?"

"Alikuwa ameshauza."

"Na zile pesa, alikuwa nazo?"

"Alikuwa ameshatoa."

"Sasa alikuwa na nini?"

Fundi alifikiri. Alimwona tena yule mzee juu ya kitanda, amenyooka, mkono juu ya kifua.

"Subana," akasema.

"Aliondoka nayo, si ndiyo? Basi kitu chake ndicho hicho. Hivi vingine alivitoa kwa mkono wake mwenyewe akiwa na akili zake timamu. Aliyetoa wakfu hana cha kurudi kudai."

Ko. Ko. Ko.

Dada Miwani akavua miwani yake. Akatazama rafu kwa muda mrefu.

"Wiki nzima iko hivyo," Fundi akanong'ona.

"Hata ofisini kwetu," Dada Miwani akasema, sauti imeshuka. "Kila msimu wa usajili. Dirisha linagongwa hivyohivyo, na ukifungua hakuna mtu. Mkubwa wetu anasema ni bomba la maji. Lile bomba liling'olewa zamani." Akavaa tena miwani. "Anayedai hugonga kwa nguvu, Fundi. Huyu anagonga kama mtu anayetaka kuuliza tu."

"Kuuliza nini?"

"Mimi nitajuaje? Labda anauliza kama mtoto ameenda shule."

Fundi alipoinua uso, Msumari alikuwa amesimama mlangoni, msasa mkononi.

"Kaoge," Fundi akamwambia. "Kesho tunakwenda."

Ijumaa walifika chuoni mapema. Msumari alipokuwa akijisajili, Dada Miwani alimchukua Fundi akamwonyesha chumba cha mafunzo cha wauguzi. Fundi alikanyaga ndani akasita. Kulikuwa na safu ya vitanda vidogo. Juu ya kila kitanda kulikuwa na mtoto, kimya, macho wazi, hapepesi. Ilikuwa midoli ya kujifunzia. Lakini jicho la Fundi lilikuwa limeshaanza kazi yake. Lilipima kichwa mpaka unyayo, bega mpaka bega. Alivijua vipimo vile kwa moyo. Alitamani kutoka nje.

Mwanafunzi mmoja aliinamia kitanda cha karibu. Akaweka vidole viwili juu ya kifua cha mdoli, akabonyeza, akabonyeza tena. Kisha akapuliza hewa kinywani, na kifua kile kidogo kikapanda, kikashuka. Fundi alishika ukuta. Maisha yake yote alikuwa amepima miili ya ukubwa ule, na hakuwahi kuona mmoja ukirudishiwa pumzi.

"Hii midoli imenunuliwa na nani?" akauliza.

"Mfuko," Dada Miwani akajibu.

Fundi alilia palepale, bila kujificha.

Jioni ile rafu ilikuwa kimya. Ilibaki kimya muda wote Msumari alipokuwa chuoni.

Mambo mengine yalibadilika. Fundi alimwendea Dada Miwani kumuuliza kama mtu wa kawaida anaweza kutoa, au ni mpaka uwe na kiwanja. Dada Miwani alisema haba na haba hujaza kibaba. Wengi wakiungana, vidogo vyao huwa shina. Lakini alimpa tahadhari. Pesa iingie benki, katika akaunti ya chuo. Mtoaji aandike anataka ifanye kazi gani. Achukue risiti. Na akija mtu mlangoni akisema anakusanya kwa niaba ya chuo, asipewe kitu.

"Hata mimi usinipe mkononi," akasema. "Ukinipa nitakuona mjinga."

Maseremala wa mtaa ule walikaa wakakubaliana. Kila jeneza kubwa likiuzwa, kidogo kinakwenda kwenye mfuko, kwa ajili ya uuguzi wa watoto. Baadhi walisema ni kichekesho, mchonga majeneza kulipia uuguzi. Anajiharibia soko mwenyewe. Fundi alisema soko la aina ile liharibike tu, yeye atachonga vitanda.

Msumari alihitimu. Alipangiwa kazi wodi ya watoto, hospitali ya hapohapo, pamoja na wenzake wengine waliosomeshwa na mifuko ya chuo. Watoto hawakuacha kufa kabisa. Yeye si Mungu. Lakini wazazi waliokuja karakana kutazama juu ya rafu walipungua, wakapungua tena. Likabaki jeneza dogo moja. Likakaa. Mama Msumari akawa analifuta vumbi, vumbi linarudi.

Mchana mmoja, mtaa umetulia, Fundi akasikia.

Ko. Ko. Ko.

Alilishusha lile jeneza, akalipindua. Safari hii aliona matundu madogo madogo, na unga laini ukamwagika miguuni pake. Dumuzi. Jeneza lilikuwa limekaa bila mnunuzi mpaka wadudu wakahamia. Mali ilikuwa imeozea dukani, na mwenye duka alikaa sakafuni akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akalipasua, akalipeleka jikoni likawa kuni.

Aliporudi, karakana ilikuwa tupu. Rafu ilikuwa tupu. Hakukuwa na ubao pale juu, wala mdudu.

Ko. Ko. Ko.

Fundi aliinua macho. Hakuona uso. Alikumbuka mwiko wa baba yake, akauacha upite. Akaweka randa chini, akajifuta maranda mikononi, kama anavyofanya mtu anapopokea mgeni wa heshima.

"Karibu, Bibi," akasema. "Mtoto yuko kazini."