Kitela cha Marehemu

Mvuke ulimpata Dereva usoni kabla kifuniko cha rejeta hakijafunguka hata nusu. Alipiga ukelele wa kumwita mama, na mama yake alishakufa zamani. Fundi alikuja mbio kutoka upande wa pili wa gari, akipapasa katikati ya vumbi, akamkuta wifi yake amepiga magoti juu ya lile jangwa la chumvi, mikono ameinyoosha mbele kama aliyebeba sufuria ya moto na hajui aitue wapi.

"Macho! Wifi, macho yangu!"

"Usiyaguse! Usiyaguse nakwambia!"

Alimmwagia maji usoni, akammwagia mikononi, akachana shuka na kumfunga. Tangu alfajiri walikuwa wamejifungia ndani ya gari, injini inanguruma ili kiyoyozi kifanye kazi, wakisubiri tufani ya vumbi ipite. Vumbi likaziba rejeta, injini ikachemka. Na Dereva, ambaye kazi yake ni kuendesha basi la shule, ambaye angemsema wiki nzima mtu yeyote anayefungua rejeta ya moto, akaenda akafungua rejeta ya moto. Uchovu haumwachii mtu akili, jamani.

Fundi naye hakuwa nyuma kwa makosa. Alichukua dumu lao kubwa akajaza maji kwenye rejeta, akangoja injini ipoe, akaiwasha, ikazima. Alipoinama kuchungulia ndipo akaona mpira wa chini umepasuka na maji yote yameshanywewa na chumvi. Walibaki na chupa moja, tena haikujaa.

Simu ya Dereva ilikuwa imeangukia kwenye mvuke na kufa papo hapo. Ya Fundi ilikuwa ile ndogo ya vitufe, na mtandao haukuwapo. Pande zote ni weupe tu: ardhi nyeupe, hewa nyeupe, jua halijulikani liko wapi. Na nyuma ya gari, kimetulia kama hakuna kilichotokea, kitela cha marehemu, kijumba cha bati chenye magurudumu.

Marehemu alikuwa mume wa Fundi na kaka wa Dereva, na kazi yake ilikuwa kuchomelea vyuma. Kitela alikiunga mwenyewe uani kwake, kwa mabati ya kuokoteza. Ndani mna kitanda kimoja, jiko la gesi, kabati la vikombe, na nafasi ya kusimama mtu mmoja. Mmoja akitaka kupita, mwingine lazima akae. Dereva alikiita banda la kuku tangu siku alipokiona. Kila likizo kaka yake alilifunga hilo banda nyuma ya gari na kutokomea na mkewe, na yeye, dada mtu, aliyepika chakula cha ukoo mzima, akabaki anatazama viti viwili vitupu. Kaka alipofariki ndipo alipoiomba safari hii. "Nipeleke nikaone mlikuwa mnafuata nini huko," alimwambia Fundi, na hakusema kwa upole.

Fundi alikubali, ingawa moyo ulikuwa mzito. Yeye ni fundi wa makochi, na lile godoro la kitelani alilishona kwa mkono wake. Upande wa ukutani bado kulikuwa na shimo alilolala mumewe. Usiku alilala ukingoni ili asiliguse, na Dereva akalala kwenye kiti cha gari, akisema hawezi kulala banda moja na watu wawili. Alisema wawili. Fundi aliisikia hesabu hiyo na nywele zikamsimama, kwa sababu hata yeye alikuwa anahesabu hivyo hivyo.

Sasa alimuinua wifi yake akamkalisha kitandani. Alikuwa anatetemeka, homa imeshapanda.

"Barabara ya malori ya chumvi iko mashariki," Fundi alisema. "Tutaifuata."

"Mashariki utaijuaje, na jua halionekani?"

"Naijua."

Aliijua kwa mlango. Popote walipolala, marehemu aliegesha kitela mlango ukitazama mashariki ili jua liwaamshe. Ilikuwa siri ndogo ya watu wawili, kama zile za kila nyumba, na jana jioni Fundi aliegesha vivyo hivyo. Halafu alikwenda kutembea peke yake mbali kwenye chumvi, maana hakutaka kulia mbele ya wifi. Alirudi giza limeingia, akifuata mwanga wa taa, akakuta jiko linawaka. Sababu ya mlango hakumweleza Dereva. Dereva alishachukua koti la kazi la marehemu siku ileile ya mazishi. Hili la mlango asingelipata.

"Basi nishike mkono twende," Dereva alisema.

"Hutafika popote na homa hiyo. Kaa ndani, kuna kivuli. Nitakivuta."

"Uvute banda? Wifi, umerukwa na akili?"

"Kaka yako alikifanya kidogo ili mtu mmoja aweze kukisogeza."

Hilo lilikuwa kweli, lakini kweli yenyewe hasa ni kwamba hakuweza kukiacha. Kukiacha pale, katika weupe ule, aliona ni kumzika mumewe mara ya pili, safari hii bila hata mtu wa kumsaidia kutupa udongo.

Alifungua kitela kwenye gari, akatoa mikanda yake ya kazi, ile mipana ya kufumia makochi, akaifunga kwenye chuma cha kuvutia na kuipitisha kifuani. Akaelekea upande ule mlango ulikotazama. Chumvi ilikuwa ngumu, magurudumu yakakubali. Pale ilipokuwa laini yalizama, na yeye akachimba kwa mikono, akaweka mkeka chini yake, akavuta tena. Midomo ilipasuka. Vumbi liliingia puani, masikioni, katikati ya meno. Akaanza kusikia kikohozi kifupi, kile cha marehemu kabla hajasema jambo. Kilitoka mbele, mara kulia. Hakushtuka. Alifuata, na Mungu amsamehe, alifurahi kufuata.

"Wifi, maji," Dereva aliita.

"Lowesha ulimi tu."

"Umekunywa wewe?"

"Nimekunywa." Alikuwa hajanywa.

Mchana ulikuwa umeshaanza kulegea vumbi lilipopungua na jua likajitokeza, limefifia kama sahani ya bati. Lilikuwa mbele yake. Fundi alisimama akalitazama. Jua la jioni lilipaswa kuwa mgongoni. Alitafuta kila namna ya kulielewa, akakosa.

"Wifi. Jana nilipoondoka, uligusa gari?"

"Nililigeuza, na kitela chake nyuma. Upepo ulikuwa unaingia mlangoni unazima jiko. Kwani vipi?"

Fundi alikaa chini kwenye chumvi.

"Kwani vipi, wewe? Mbona unanyamaza?"

"Mlango huwa unatazama mashariki," Fundi alisema. "Siku zote. Yeye ndivyo alivyokuwa anaegesha."

 Dereva akasema polepole kutoka ndani ya kitela, "Na mimi hilo ningelijuaje?"

Asingelijua. Hakuna aliyemwambia. Siku nzima Fundi alikuwa amemfuata mtu aliyekufa, tena amemfuata kwa moyo wote, na alikuwa anampeleka huko wifi yake kipofu bila kumuuliza. Hofu ilimshika vilivyo, hofu ya kweli sasa. Aliangalia ule upande wa jua, ambako kikohozi kilikuwa kinamwita, na kwa mara ya kwanza tangu msiba hakutaka kwenda.

Aligeuza kitela. Kwa kuchimba na kukwama kote kule, hawakuwa wamefika mbali. Chupa ilikuwa imebaki na mafunda machache.

Kwa nguvu alizobakiwa nazo, mzigo ule haukuwa wa kufika. Akaanza kupunguza. Alitupa jiko. Alitupa mtungi wa gesi, halafu kabati pamoja na vikombe vyake, vikavunjika vyote kwa mlio mmoja. Kisha akamwambia Dereva asogee, akalivuta godoro. Lilikataa mlangoni. Alilipiga mateke huku analia kwa sauti, "Toka! Toka basi!", likatoka, likalala juu ya chumvi na lile shimo lake ubavuni. Alivaa mikanda akaondoka bila kuligeukia.

Na kitela kikawa chepesi.

Kilikuwa chepesi kuliko ilivyostahili. Palipo laini, alipotegemea kukwama, kilipita. Nyuma yake akasikia pumzi, nzito, ya mtu anayesukuma. Mbele yake chumvini kilikuwepo kivuli chake mwenyewe na kile cha kitela, virefu na vyeusi, basi. Hakuthubutu kutazama nyuma. Alimjua ni nani. Marehemu siku zote alisukuma, yeye akashika usukani.

"Sukuma, mume wangu," alisema. "Sukuma tumfikishe."

Ulimi ukafunguka. Alimwambia nyumba sasa ni kubwa mno, anapita kila mahali bila kumwomba mtu akae. Alimwambia anamkasirikia kwa kuficha maumivu yale mpaka daktari akatikisa kichwa. "Na dada yako! Kaburi bichi, anakuja kutungua koti msumarini. Hakuniuliza. Nilikuwa nalala nalo, wewe. Lilikuwa bado na harufu ya moto na chuma. Akaondoka nalo mimi nikabaki natazama msumari."

Pumzi ile ya nyuma ilikatika kidogo, ikaendelea.

Mwishowe alisimama, akaegemea chuma cha kitela. "Pumzika kidogo, mume wangu. Umechoka."

"Sijachoka," ilijibu sauti.

Ilikuwa sauti ya kukwaruza, ya chini, ya ukoo ule ule.   Fundi akageuka, akazunguka kitela huku anashika bati kwa mikono miwili.

Dereva alikuwa ameegemeza bega nyuma ya kitela, kitambaa machoni, ile mikono iliyoungua ameikunja kifuani kama vifaranga. Bega la gauni lilikuwa limechanika kwa kusukuma, na damu ilikuwa imekauka hapo.

"Tangu lini?" Fundi aliuliza.

"Tangu ulipotupa godoro. Nilijua banda huliachi. Nikaona utakufa nalo."

"Umenisikia."

"Yote."

"Na hukusema kitu?"

"Ulikuwa unaongea na kaka," Dereva alisema. "Ningewakatishaje?"

Fundi alimshika, akamkumbatia kwa nguvu hata wakayumba. Walilia, midomo imekauka, hata machozi hayatoki vizuri. Kisha alimpa chupa na kumshikia akanywa, na safari hii naye akanywa, funda la mwisho. Alivua mikanda ya kifuani akaiacha ianguke.

"Tunaenda," alisema. "Weka mkono begani kwangu."

"Na banda?"

"Libaki."

Walitembea jua likiwa mgongoni, Dereva amemshika bega, wakianguka na kuinuana. Hakuna kilichokohoa. Upweke wake ulikuwa mkubwa na Fundi aliuacha uwe mkubwa, hakuujaza kwa sauti ya mtu.

"Koti nitakurudishia," Dereva alisema.

"Kaa nalo. Utaniazima siku mojamoja."

Wakaenda. "Nimeshaona mlikuwa mnafuata nini," Dereva akasema tena. "Jana nilikuja nimejipanga kukununia, wifi. Nikakosa pa kununia. Nikigeuka huku ni wewe, nikigeuka kule ni sufuria. Ndiyo maana nikakimbilia garini."

Fundi alicheka, na mdomo ukapasuka ukatoa damu, akazidi kucheka. "Ndiyo hiyo. Hatukuwahi kugombana humo hata chai ikapoa."

Mwanga ulikuwa umebaki kidogo walipoliona lori, linakwenda taratibu na mzigo wake wa chumvi. Fundi alivua kilemba akakipunga huku anapiga kelele zisizo na maneno. Lori lilipitiliza, likapunguza mwendo, likasimama. Mwenye lori aliruka chini na galoni la maji, mtu mnene mwenye kandambili, akawatazama jinsi chumvi ilivyowaganda mpaka kwenye kope.

"Jamani! Mmetokea wapi nyie?" Alikuwa anaangaza macho kule walikotoka. "Mko wangapi? Kuna mwingine huko nyuma?"

Fundi aligeuka. Mbali kwenye weupe kulikuwa na kitu kidogo cheusi, hata mlango wake haukujulikana unatazama wapi.

"Hakuna," alisema. "Tuko wawili."

Akamshika wifi yake kiunoni, akampandisha kwanza.