Mstari wa Mita Themanini

Walikutana kwenye duka la fotokopi mkabala na ofisi za mji, saa nne asubuhi, foleni imefika barabarani. Mwanamume alikuwa mchora ramani wa mipango miji, shati jeupe, pasi imepita mbele tu, ramani ya bonde kwapani. Mwanamke alikuwa mpimaji wa mto, gauni la kijani na mabuti ya mpira yenye tope.

"Dada, umetoka shamba?"

"Nimetoka kwenye bonde unalotaka kulijengea, kaka. Si ndilo hilo ulilolibana kwapani?"

Mwanamume akacheka mpaka akapitwa na zamu yake. Tangu siku hiyo simu hazikupoa. Mwanamume akamwita Bibi Mto, naye akaitwa Bwana Ramani.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula, lakini nimekula peke yangu, kwa hiyo hesabu sijala."

Ndivyo wapendanao walivyo, wala hawachoki.

Kazi ndiyo iliyowagombanisha. Mji ulitaka nyumba sitini bondeni; mji huohuo ulitaka bonde libaki na nyasi zinywe maji ya mvua. Bibi Mto aliandika kwamba mafuriko yanaweza kuishia mita arobaini kutoka ukingoni, au yakafika mia na ishirini. Mvua za siku hizi hazina adabu, kwa hiyo wasijenge ndani ya mia na ishirini mpaka apime misimu mitatu zaidi.

Kamati ya mipango miji ikataka mstari mmoja wa mwisho wa kujenga. Bwana Ramani akauchora kwenye mita themanini, katikati kabisa, na chini yake akaandika jina la mpimaji. Hakumwambia mtu kuwa nyumba namba tisa, iliyopona kwa mstari ule, ilikuwa ya mama yake, aliyeisubiri miaka kumi na mmoja kwenye chumba cha kupanga.

Bibi Mto aliiona ramani imebandikwa ukutani, na orodha ya wenye nyumba pembeni. Akapiga simu palepale.

"Umeugawa mto kwa mbili?"

"Mpenzi, kamati ilitaka..."

"Mto unaijua kamati? Watu wakizolewa, jina ni langu! Na la mama yako nimeliona. Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utakataa."

"Ningekataa, ndiyo. Lakini ningekataa nikiwa bado nakuamini."

Akakata. Siku kumi na mbili hakupokea simu yake. Alimpenda, na aliumia. Barua ya kuukana mstari aliiandika mara tatu, asiipeleke.

Kamati ilipokutana kupitisha ramani, Bwana Ramani alisimama.

"Mstari ule ni wangu, mpimaji hahusiki. Futeni nyumba zote zilizo ndani ya mita mia na ishirini."

Zikafutwa kumi na nane, namba tisa ikiwemo.

"Na hao watu waende wapi?" mwenyekiti akauliza.

"Bado sijui, mzee. Tutafute."

Kwenye viti vya nyuma Bibi Mto alilia bila kujificha, kisha akaondoka kabla hajaonekana.

Jioni simu yake ikaita. Namba ilikuwa ya Bwana Ramani. Sauti ilikuwa ya mama mtu mzima.

"Wewe ndiye wa mto?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huyu yuko hapa, anaogopa kukupigia. Nimemsema tangu mchana mpaka nimechoka." Akavuta pumzi. "Nyumba nimeshaikosa, mwanangu. Na mkwe nimkose?"



"Mpe simu, mama. Aniombe mwenyewe."